Suti ya Aliyepita

Mgeni alifika Jumatatu saa nne asubuhi, wakati Mama Mkasi ana pini saba mdomoni na hawezi kumjibu mtu. Aliuvuka mtaro kwa kuinua suruali kama bibi harusi anayeinua gauni, akakanyaga ubao uliowekwa kuwa daraja, ubao ukacheza, akaingia dukani amekumbatia mkoba mweusi kifuani. Hodi aliipiga akiwa ameshakaa.

"Pole sana, Mheshimiwa," akasema.

Mama Mkasi alimtazama kwa jicho la kazi. Koti la kununua, si la kushonewa. Mabega yalikuwa ya mtu mwingine mnene zaidi. Na nyuma, kwenye mpasuo, bado kulikuwa na ule uzi mweupe wenye alama ya msalaba, ambao kiwanda huuweka ili koti lisikunjike dukani na ambao mvaaji anatakiwa kuukata siku ya kwanza. Huyu alikuwa akitembea nao mjini kama mbuzi mwenye kamba shingoni. Mama Mkasi hakumwambia kitu. Pole alikuwa ameshazichoka. Tangu Jumamosi watu walikuwa wakimpa pole kana kwamba kuna maiti ndani.

Alikuwa ameomba udiwani. Wanachama wa kata nzima walipanga foleni kwenye shule ya msingi kupiga kura za mchujo za chama, na jioni matokeo yakabandikwa mlangoni: Bwana Kesho mia tatu themanini na tisa, Mama Mkasi mia mbili na kumi na nne. Kilichobaki kilikuwa mkutano mkuu wa uteuzi, Jumamosi inayofuata, ambapo wajumbe mia na ishirini wangepitisha jina la mgombea wa chama.

Jina la Mama Mkasi lilitokana nusu na kazi yake, nusu na ulimi wake. Jina la Bwana Kesho walimpa wateja. Aliuza vifaa vya ujenzi pale kona, na kwake saruji ilikuwa inaingia kesho, misumari ilikuwa njiani mpaka kesho, na aliyenunua bawaba alirudi kuchukua chenji yake kesho. Kushindwa na mtu kama huyo si kushindwa tu. Ni kama kupitwa na kobe, tena kobe aliyelala.

"Mimi ni mshauri wa wagombea," mgeni akaendelea, maana hakuna aliyemuuliza.

"Wagombea gani?" aliuliza binti wa Mama Mkasi, aliyekuwa akipiga pasi sketi za shule. Alikuwa amehitimu chuo mwaka ule, na ndiye aliyekuwa katibu wa kampeni ya mama yake. Jumamosi alilia mpaka miwani ikaingia ukungu.

"Walioonewa." Mgeni akatoa kijitabu cha kanuni za chama, akakifungua mahali palipokunjwa. "Kanuni ya kumi na nne. Sikilizeni. 'Mgombea aliyepita atakuwa na haki ya kuomba uteuzi mbele ya mkutano mkuu.' Sasa niambieni, aliyepita ni nani?"

"Aliyeshinda," akasema binti.

"Aa-aa! Hapo ndipo wengi mnapoteleza, mwanangu. Wangetaka aliyeshinda wangeandika aliyeshinda. Mwaka uliopita ni mwaka gani? Ulimshinda nani?"

Binti aliiweka pasi wima.

"Ni mwaka ulioisha," mgeni akasema kwa upole wa mwalimu wa chekechea. "Basi mgombea aliyepita ni mgombea aliyeisha."

Mama Mkasi alizitema pini kiganjani, moja moja. "Kwa hiyo mimi nimeisha."

"Kikanuni tu, Mheshimiwa."

"Basi na babu yangu aingie kinyang'anyiro. Yeye alipita zamani sana."

Mgeni alicheka kwa adabu, kisha akashusha sauti. Alikuwa amewahesabu wajumbe. Sabini kati ya mia na ishirini hawamtaki Bwana Kesho. Kuna wenye nyumba zisizo na paa kwa sababu ya mabati yake yasiyofika. Kuna mwenyekiti mwenyewe, ambaye mlango wa choo chake una bawaba moja tangu mwaka jana. Mwenyekiti akiulizwa neno "aliyepita" lina maana gani, atalisoma vile bawaba inavyomwelekeza. Kinachotakiwa ni fomu hii ya kupinga, ijazwe, itiwe saini, ifike mezani Jumamosi kabla ya saa tatu asubuhi.

"Na wewe unapata nini?"

"Nikumbuke tu ukishakaa. Kiofisi kidogo. Hata kisicho na dirisha." Akasimama. Mlangoni akageuka. "Jambo moja. Ile suti. Usiishone. Ukimshonea suti ya kwenda mkutanoni, umekiri kwamba kapita."

Akauvuka mtaro, na ule uzi mweupe ukimfuata nyuma.

Suti hiyo ilikuwa imeletwa na ulimi. Wiki moja kabla ya kura, katika mdahalo wa ukumbi wa shule, Bwana Kesho alipanda jukwaani na koti ambalo mikono yake ilimfunika mpaka kucha. Watu walikuwa wamechoka, joto limewazidi, na Mama Mkasi akaona nafasi. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwenye madirisha: "Jamani, huyu akinishinda mimi, suti ya kwenda mkutano mkuu nitamshonea mwenyewe, kwa mkono wangu na kitambaa changu, ili wajumbe wavione angalau vidole vyake!" Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Hata Bwana Kesho alicheka, akipiga makofi ambayo hayakusikika kwa sababu ya mikono ya koti.

Mama Mkasi alikuwa amelisema kama tusi. Ukumbi ulilisikia kama ahadi.

Mchana wa Jumatatu ile Mama Mkasi aliiweka fomu aliyoachiwa na mgeni juu ya meza ya kukatia, akaizunguka kama paka anayezunguka sahani ya moto. Angalia, alijiambia, si kwa ajili yangu. Ni mtaro. Mvua za mwaka ule maji yalipanda kutoka mtaroni yakaingia maduka yote ya mstari huo. Yeye alipoteza marobota mawili na sare za darasa zima, msusi wa jirani alipoteza viti, na mtengeneza viatu aliziona soli zake zikielea kuelekea barabara kuu. Kuzibua na kuchimba upya mtaro ule ndiyo sababu aliyoichukulia fomu ya kwanza. Bwana Kesho naye aliahidi mtaro. Kila mtu alijua ungechimbwa lini.

Wapambe walimzunguka Jumanne, wale wale waliomwambia kabla ya kura kwamba ushindi uko mfukoni. Sasa walikuwa wanajua kwa hakika kwamba ameibiwa. Mmoja aliona sanduku likibebwa kwa mlango wa nyuma. Mwingine alikuwa na shemeji aliyeambiwa na mtu. Wa tatu hakuona wala kuambiwa, ila alihisi. Walikunywa chai ya birika zima, wakamwita Mheshimiwa kila baada ya mkate, wakaondoka bila hata mmoja kujitolea kuandika jina lake chini ya anayoyasema.

"Nipe hesabu," Mama Mkasi akamwambia binti yake walipotoka. "Ya kweli. Tumeibiwa wapi?"

Binti alikuwa na nakala za matokeo ya vituo vyote, zilizosainiwa na mawakala wao wenyewe. Alizijumlisha mara ya kwanza. Akajumlisha mara ya pili kuanzia chini kwenda juu. Mara ya tatu alizisoma kwa sauti na mama yake akajumlisha kwa chaki kwenye kipande cha bitana. Mia mbili na kumi na nne.

"Mama," binti akasema, "kama wangekuibia, ningekwambia nenda, na ningetangulia mbele na bango. Ingekuwa lazima uende. Lakini hujaibiwa. Umekataliwa tu."

Lile "tu" lilimchoma kuliko pini. Mama Mkasi aliikunja ile bitana, akaifunua, akaikunja tena.

"Na mtaro?"

Binti alikuwa na umri wa kuamini kwamba jibu lipo mahali fulani, na moyo wa kuumia kwa kutolijua. "Sijui, Mama," akasema. "Mtaro kweli ni wetu. Ila ukiupata kwa kusoma neno kichwa chini, kesho kutwa wao watakusomea lipi?"

"Chuo chenyewe kilikufundisha hivyo?"

"Chuo kilinifundisha kupanga foleni ya chakula."

Jumatano, Bwana Kesho mwenyewe akaja. Aliukanyaga ubao kwa uzito wake wote, ubao ukalia, akaingia akitabasamu kwa meno yote kama mtu anayekuja posa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Nimekuja kupimwa."

Binti aliacha pasi juu ya sketi, akasahau kuiinua. Mama Mkasi alimchunguza yule mwanaume akitafuta kejeli, maana kejeli angeijua na angejua la kuifanya. Hakuiona. Mtu huyu alikuwa ameambiwa mbele ya watu kwamba atashonewa suti, na amekuja kushonewa suti. Maskini ya Mungu, hata tusi lilimpita bila kumgusa, likaenda kugonga ukutani.

"Wewe Bwana, hukuelewa kwamba nilikuwa nakusema?"

"Nilielewa. Lakini uliahidi pia."

"Na wewe ndiye wa kumkumbusha mtu ahadi? Wewe?"

Alipangusa paji la uso. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Mimi nikijishonea, itakuwa tayari baada ya uchaguzi."

Binti alicheka kabla hajajizuia. Mama Mkasi alichukua futi shingoni, si kwa kukubali, bali kwa sababu mtu akishasimama mbele ya fundi amenyoosha mikono, mikono ya fundi hujiendea yenyewe. Akampima mabega. Akampima kifua. Simu ya Bwana Kesho ikalia, akaipokea mkono mmoja hewani: "Ndugu yangu, mzigo uko njiani. Kesho mapema!" Akampima kiuno, akaandika, akakipima tena.

"Pumua," akasema. "Umeibana pumzi. Hapa si kwa mpiga picha."

Kiuno kikaongezeka inchi tatu.

"Kuna mtu kaja kwangu jana," Bwana Kesho akasema akitazama dari. "Ana mkoba mweusi. Anasema wewe unataka kunipinga mkutanoni, na yeye anajua namna ya kukuzuia. Anataka awe mshauri wangu."

Futi ilisimama kwenye goti. "Alitaka ofisi?"

"Ya dirisha."

Mama Mkasi alihisi kitu kikimpanda kooni, akadhani ni hasira, kumbe kicheko. Kwake alikuwa ameridhika na kisicho na dirisha! Hata mlaghai alikuwa amempa Bwana Kesho bei ya juu zaidi.

"Kwa hiyo utanipinga?" Bwana Kesho akauliza. Sauti ilikuwa ya kawaida, lakini kiuno, ambacho Mama Mkasi alikuwa bado amekishika, kilikaza.

"Sijaamua. Nimekupima tu. Kupimwa si kushonewa."

"Sawa. Ila ikiwa utashona, itakuwa tayari lini?"

"Jumamosi saa mbili asubuhi," akasema Mama Mkasi.

Lilitoka lenyewe. Miaka ishirini na miwili kila aliyeuliza swali hilo ndani ya duka hilo alikuwa amepewa siku na saa, na mdomo haukujua kwamba safari hii ulitakiwa kusubiri kichwa. Bwana Kesho alishukuru, akaondoka. Binti aliitazama pasi. Ilikuwa imeacha alama ya mtumbwi kwenye sketi ya shule.

Alhamisi, muuza vifungo alipita na sanduku lake la vijidroo vingi, kama kila Alhamisi. Walianza kazi pamoja, yule na vifungo, huyu na cherehani ya mkono, na sasa muuza vifungo alikuwa mjumbe wa mkutano mkuu, mmoja wa wale sabini. Mama Mkasi alimsukumia fomu. Ilikuwa imejazwa yote, ila mahali pa saini.

"Mwenzangu, niambie kweli. Nikisimama Jumamosi utanipa kura?"

"Hata ukisimama juu ya paa." Muuza vifungo akaisoma fomu akiisogeza mbali na macho. "Na wengi watakupa. Huyu wa kesho ametuchosha. Ila..."

"Ila nini?"

"Unajua kule sokoni nilikuombea kura kwa maneno gani? Mtaro sikuutaja. Nani ataamini mtaro? Kila diwani amekuja na mtaro wake. Nilisema, huyu mwanamke akikwambia Alhamisi, ni Alhamisi. Basi. Hilo tu ndilo lililouzika."

"Kwa watu mia mbili na kumi na nne."

"Eeh, na wale mia tatu themanini na tisa wameshazoea kesho, utawafanyaje?" Akafunga sanduku lake. "Sasa Jumamosi nikuelezeje? Kwamba na wewe ulisema, kisha ukaona haikufai? Nitakuelezea, mimi rafiki yako. Lakini nipe maneno, maana yale ya kwanza yatakuwa yameisha."

"Yatakuwa yamepita," akasema Mama Mkasi.

"Ehe, hayo hayo."

Alipoondoka, Mama Mkasi alipanda kistuli akashusha kutoka rafu ya juu kitambaa kilichofungwa kwenye gazeti. Rangi ya samawati iliyokoza, sufu nyepesi, mita tatu na nusu. Alikuwa amekitunza tangu siku aliyochukua fomu. Kilikuwa chake, cha siku atakayosimama mbele ya wajumbe, na alikuwa ameshajishonea gauni kichwani mara nyingi kiasi kwamba aliijua hata idadi ya marinda. Binti alimwona, akatoka nje bila kuitwa, akajifanya anaunyoosha ubao wa mtaro.

Mama Mkasi alitandaza kitambaa mezani. Akakilaza. Akachora mabega kwa chaki, mabega ya Bwana Kesho, moja limeshuka kidogo kwa sababu ya miaka ya kuegemea kaunta. Alipofika kwenye mifuko alihitaji karatasi ngumu ya kukatia umbo. Fomu ilikuwa karibu, na ilikuwa karatasi nzuri, nene. Akaigeuza, akachora mfuko upande mweupe, akaikata.

Kisha akashika mkasi mkubwa akalikata lile samawati. Macho yalihitaji kupanguswa, mara mbili, kwa ncha ya bitana.

Ijumaa kutwa alishona, na kutwa watu walipita kumtazama kama walivyotazama nyumba inayoungua. Wapambe walikuja, wakaiona suti kwenye mdoli, wakaguna. "Mheshimiwa, hiyo ndiyo nini sasa?" Jioni hawakumwita Mheshimiwa tena, walimwita Mama, na siku iliyofuata baadhi yao walikuwa na fulana za Bwana Kesho. Msusi wa jirani alimwambia waziwazi: "Wewe unatushonea mafuriko." Mama Mkasi alipiga bandi mkono wa kulia wa koti, akaufumua, akaupiga upya mpaka ukakaa sawa.

Jumamosi saa mbili kasoro dakika kumi alikuwa kwenye lango la ukumbi, suti begani ndani ya mfuko mweupe, binti yake kando. Mgeni alikuwa amesimama hapo hapo na mkoba wake.

"Iko wapi fomu?" akanong'ona. "Ninayo nyingine. Bado una saa nzima. Sabini, Mheshimiwa! Wako ndani, wanasubiri neno lako tu!"

"Neno langu ninalo hapa begani. Geuka."

"Samahani?"

"Geuka nikuone nyuma."

Aligeuka, akidhani kuna wajumbe nyuma yake. Mama Mkasi alitoa kimkasi kidogo katika pochi yake akaukata ule uzi mweupe, akaung'oa, akampa kiganjani. "Huu hukatwa siku ya kwanza. Angalau sasa utafanana na unachokisema."

Ndani, wajumbe walikuwa wakijipangia viti. Walipomwona na ule mfuko mweupe walielewa, na mnong'ono ukaenda kwenye safu zote kama upepo kwenye mabati. Mmoja alisema kwa sauti, ili asikike: "Mama Mkasi kaja kusalimu amri na pasi!" Wakacheka, wale wale waliocheka naye kwenye mdahalo. Mwenyekiti aliyekuwa na bawaba moja alimtazama kwa masikitiko ya kweli. Muuza vifungo hakucheka. Alikuwa anautazama ule mfuko kwa mbali, maana vifungo vya koti lililokuwa ndani vilikuwa vyake.

Bwana Kesho aliingia chumba cha nyuma akatoka amevaa. Mabega yalikaa. Mikono iliishia mahali mikono inapoishia, na kwa mara ya kwanza katika siasa za kata ile mgombea alionekana ana vidole. Mgeni alikuwa ameshafika pembeni yake, amemshikia koti lake la zamani mkononi kwa heshima zote.

"Dada," Bwana Kesho akasema, "hii ni nzuri kuliko mimi."

"Najua. Nimeacha inchi mbili kiunoni, za kunenepea."

Alitabasamu, akataka kutia mikono mifukoni ili asimame kama diwani. Mikono ikagonga kitambaa ikarudi. Akajaribu tena. Mifuko ilikuwa imeshonwa kwa juu, mshono mdogo, imara, usioonekana. Akasimama mbele ya wajumbe mia na ishirini, vidole vyake vipya vikining'inia hewani bila pa kwenda.

"Suti mpya hutoka hivyo," Mama Mkasi akamwambia. "Mtaro ukichimbwa, njoo dukani nikufungulie."

"Na usipochimbwa? Utanifungulia lini?"

Alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni, kwa sababu kulikuwa na gauni la kipaimara alilosema litakuwa tayari saa sita.

"Kesho," akasema.